Hita ya gari la zamani inapopiga kelele: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mwenye gari la miaka mingi ambaye kila akigusa swichi za hita anasikia kitu ambacho zamani hakikuwepo: tiki-tiki, mluzi, mkwaruzo, au maji yanayobubujika mahali asipotarajia maji. Majibu ni marefu pale ambapo watu wengi hupotea, na mafupi pale ambapo hakuna la ziada.

Nianzie wapi? Nasikia kelele nyuma ya dashibodi lakini sijui ni wapi hasa.

Anza na masikio, bisibisi ingoje kwanza.

Sauti ya nyuma ya dashibodi inadanganya. Boksi la hita ni plastiki yenye uwazi ndani, na kutoka hapo yanatawanyika mabomba ya hewa kwenda miguuni, usoni na kwenye kioo cha mbele. Kitu kikigonga karibu na miguu ya abiria, mlio unasafiri ndani ya mabomba na kutokea kwenye tundu la hewa lililo mbele ya dreva. Niliwahi kufungua upande mzima wa dreva nikitafuta mlio wa kugonga uliokuwa upande wa pili wa gari. Tangu siku hiyo sijiulizi kelele inatoka wapi. Najiuliza inaanza nikifanya nini, na inakoma nikifanya nini.

Egesha gari mahali tulivu, zima redio, funga madirisha. Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, lakini usistati injini. Zima feni kabisa usikilize. Washa feni namba moja, kisha panda polepole hadi ya mwisho. Irudishe chini, halafu sogeza joto kutoka baridi kabisa hadi moto kabisa, bila kugusa kingine chochote. Baada ya hapo badilisha mwelekeo wa hewa: usoni, miguuni, kwenye kioo. Malizia na kitufe cha hewa ya ndani na ya nje. Kisha stati injini na urudie yote. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, maana ukigusa viwili pamoja hutajua ni kipi kilicholeta mlio.

Kelele inayopanda na kushuka pamoja na kasi ya feni ni ya feni yenyewe, au ya kitu kilichoingia ndani yake. Inayotokea unaposogeza joto au mwelekeo wa hewa, kisha ikanyamaza, ni ya vilango vya hewa na vinavyovisukuma. Inayosikika feni ikiwa imezimwa na injini ikinguruma mara nyingi ni ya vakyumu (mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini na kusogeza vilango) au ya maji. Inayofuata mafuta unayokanyaga mara nyingi haiko kwenye vidhibiti vya hita, hata kama inasikika huko.

Nitajuaje hita yangu inaendeshwa na kebo, vakyumu au umeme?

Zima gari na ondoa ufunguo. Sogeza kishikio cha joto. Ukihisi uzito, kama unavuta kitu kilicho mbali, na pengine ukasikia "tap" kilango kinapofika mwisho, hiyo ni kebo. Sasa stati injini ujaribu tena. Kishikio au kitufe kikiwa chepesi na kikatoa pumzi fupi ya hewa, hiyo ni vakyumu. Ukizungusha swichi na sekunde moja baadaye ukasikia "zzzzz" ya taratibu, hiyo ni mota ya umeme.

Kuna magari mengi yenye mchanganyiko, kebo kwa ajili ya joto na vakyumu kwa ajili ya mwelekeo wa hewa. Kwa hiyo jaribu kila swichi peke yake.

Kila nikistati gari kuna tiki-tiki-tiki nyuma ya dashibodi, kisha inanyamaza. Ni nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake karibu kila mara ni mota ya kilango iliyovunjika meno.

Ndani ya boksi la hita kuna vilango vinavyofunguka na kufunga kama milango ya nyumba. Kimoja kinachanganya hewa baridi na hewa iliyopita kwenye rejeta ndogo ya hita (inayopitisha maji moto ya injini), kingine kinachagua hewa iende wapi, na cha tatu kinachagua hewa ya nje au ya ndani. Gari lenye joto tofauti kwa dreva na abiria huwa na vilango viwili vya joto. Kila kilango kina kiboksi cha plastiki ubavuni, kidogo kuliko kiganja. Ndani ya kiboksi hicho kuna mota ndogo na msururu wa gia za plastiki, na mara nyingi kifaa cha kuiambia kompyuta ya hita kwamba kilango kimefika wapi.

Jino likivunjika, mota inazunguka, gia inafika kwenye pengo, inateleza, inarudi nyuma, inajaribu tena. Kila mteleza ni "tik" moja. Magari mengi yanapowashwa hupeleka vilango mwisho hadi mwisho ili kompyuta ikumbuke mipaka yake, na ndiyo maana unaisikia asubuhi unapowasha. Kompyuta ikichoka kujaribu, kelele inakoma hadi utakapogusa swichi tena.

Kuhakikisha ni rahisi. Mwombe mtu abadilishe joto huku wewe umeweka kidole juu ya kila kiboksi kwa zamu. Mota mbovu utaisikia ikipiga kidoleni. Tafuta nyuma ya kidroo cha upande wa abiria, pembeni ya goti la dreva karibu na katikati ya gari, na juu ya boksi la hita.

Ukishaitoa, ifungue kabla hujaitupa. Utakuta gia nyeupe au ya rangi ya maziwa, yenye meno mazima upande mmoja, na upande wa pili meno mawili au matatu yamelambwa kabisa, na makombo ya plastiki yamenata kwenye grisi. Meno yanayoliwa ni yale yanayobeba mzigo kilango kinapokandamizwa mwisho wa safari yake.

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanafunga mota mpya, inakaa kimya mwezi mmoja, kisha tiki-tiki inarudi, nao wanalaumu kifaa. Kabla ya kufunga mpya, shika mhimili wa kilango kwa vidole na ukizungushe. Kinapaswa kwenda laini mpaka mwisho wa pande zote mbili. Kikiwa kizito, kikikwama katikati au kikirudi nyuma chenyewe, mota haikuwa mgonjwa, ilikuwa mhanga. Mara nyingi ni kalamu au sarafu iliyotumbukia kwenye tundu la hewa la juu, au mhimili uliopinda na kupasuka.

Usiizungushe mota mpya kwa nguvu ya mkono ili ilingane na kilango, utaivunja meno siku ileile. Zungusha kilango kilingane nayo. Ukimaliza, baadhi ya magari yanahitaji kufundishwa upya mipaka ya vilango, ama kwa kuchomoa fyuzi ya hita kwa dakika chache, ama kwa kubonyeza vitufe fulani kwa pamoja. Kitabu cha gari ndicho kinachosema ni ipi.

Nikiiacha iendelee kutikatika, italeta madhara?

Kwa injini, hapana. Kwako, inategemea kilango kimegota wapi. Cha joto kikibaki upande wa baridi utatetemeka tu. Cha mwelekeo kikikataa kupeleka hewa kwenye kioo cha mbele, siku ya mvua kioo kitajaa ukungu na hutaona barabara, na hilo si la kungoja.

Ukitaka utulivu kabla ya kifaa kupatikana, chomoa plagi ya mota hiyo, itoe, kisha sogeza kilango kwa mkono mpaka mahali unapopahitaji zaidi. Kielekeze kwenye kioo ukiwa na shaka.

Feni inalia kama kifaranga asubuhi ya baridi, ikishapata joto inanyamaza. Nipake mafuta?

Mota ya feni katika magari mengi ya zamani haizungukii kwenye beringi za gololi. Inazungukia kwenye bushi za shaba zenye vitundu vidogo vilivyolowekwa mafuta kiwandani. Miaka inapopita mafuta yale yanakauka, na kukiwa na baridi yaliyobaki yanaganda, ndipo mhimili unapoanza kulia. Dakika chache baadaye bushi inapata joto, mafuta yanalainika, kelele inaisha, na mwenye gari anasahau hadi kesho yake.

Tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya mashine kwenye bushi litakupa muda, pengine miezi. Usipulizie yale mafuta ya kopo ya kulegeza boliti zenye kutu. Yatanyamazisha kelele siku hiyo, lakini yanaosha mafuta mazito yaliyobaki, na baada ya wiki mlio utarudi mkali zaidi.

Kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kelele yenyewe. Mota inayozunguka kwa shida inavuta umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa. Feni nzima ikiwa kwenye kasi ya juu tayari ni miongoni mwa vitu vinavyokula umeme mwingi ndani ya gari, ndiyo maana fyuzi yake mara nyingi ni ya ampea 25 au 30. Bushi zikikaza, umeme wa ziada unapita kwenye plagi na swichi ambazo nazo zimezeeka. Plastiki ya plagi inageuka rangi ya kahawia, kisha inayeyuka, halafu ndani ya gari kunanuka kama waya unaoungua. Feni ikishaanza kulia, chomoa plagi yake uitazame. Ukikuta pini moja imepauka au plastiki imelainika pembeni yake, badilisha mota na plagi pamoja. Kubadilisha plagi peke yake ni kungojea ya pili iyeyuke.

Feni yangu inafanya kazi kwenye namba ya mwisho tu. Je, inahusiana na kelele?

Inaweza. Kasi za chini zinapita kwenye rezista, kifaa kinachopunguza umeme unaofika kwenye feni, na kasi ya juu kabisa inairuka. Rezista ikiungua, namba ya mwisho ndiyo inayobaki. Na kinachounguza rezista mara nyingi ni mota ileile nzito iliyokuwa inalia. Pima mota kwanza, vinginevyo utanunua rezista mbili.

Kuna kitu kinapiga "prrrr" kama karatasi kwenye pangaboi, kikiongezeka nikiongeza feni.

Jani. Au manyoya, au kipande cha karatasi, au makazi ya panya. Hewa ya nje inaingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, na gari linaloegeshwa chini ya mti linameza majani siku zote. Kama kuna chujio la hewa ya ndani, litazame kwanza. Magari mengi ya zamani hayana, na kila kinachoingia kinafika moja kwa moja kwenye gurudumu la feni.

Mara nyingi feni iko chini ya dashibodi upande wa abiria, imeshikwa na skrubu chache, na inashuka yote kwa pamoja. Ukilisafisha gurudumu lake utaona vibanio vidogo vya chuma vimebanwa kwenye baadhi ya mapanga. Usivitoe. Viliwekwa kiwandani ili gurudumu lizunguke bila kuyumba, na ukivitoa kwa kudhani ni uchafu utapata mtetemo wa dashibodi nzima. Najua kwa sababu nilivitoa.

Mkwaruzo mzito badala ya "prrrr" unamaanisha gurudumu linagusa ukuta wa boksi. Ama limelegea kwenye mhimili, ama bushi zimelika hadi mhimili unacheza. Lisukume kando kwa kidole. Likicheza, mota imekwisha.

Nasikia "sssss" kutoka kwenye paneli ya hita yenyewe, hata nikiwa nimezima feni.

Zima injini usikilize. Ikipotea mara moja, au ikififia kwa sekunde chache kisha ikakata, gari lako linatumia vakyumu na kuna mahali linavujisha.

Vakyumu ni ule mvuto unaotokea kwenye manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) injini ya petroli inapovuta hewa. Injini nzima inayonguruma bila gari kwenda huvuta takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki. Injini ya dizeli haina mvuto huo wa kutegemewa, kwa hiyo imewekewa pampu ya vakyumu. Kutoka hapo mrija mwembamba unapitia vali ya kuruhusu upande mmoja, unajaza tanki dogo la akiba, kisha unaingia kwenye swichi ya paneli. Swichi inagawa mvuto kwenye mirija ya rangi tofauti, na kila mrija unakwenda kwenye kikopo chenye ngozi ya mpira ndani. Mpira ukivutwa unavuta kilango.

Sasa angalia "sssss" inabadilikaje. Ikisikika kwenye nafasi moja tu, mathalani hewa ya usoni, na ikanyamaza kwenye nafasi nyingine, mpira wa kikopo cha nafasi hiyo umepasuka au mrija wake umechomoka. Ikisikika kwenye nafasi zote, shuku swichi yenyewe au mrija mkuu unaoingia humo. Mirija ya plastiki ya umri huu inakatika kama tambi mbichi ukiikunja, kwa hiyo unapovuta paneli nje usiiburute.

Kuna dalili ya pili ambayo dreva huiona kabla hata ya kusikia kelele: akipanda mlima huku amekanyaga mafuta, hewa ya usoni inahama yenyewe na kwenda kwenye kioo, kisha akishuka inarudi. Ukikanyaga mafuta, mvuto wa manifoldi unashuka. Tanki la akiba na vali vingeshikilia mvuto wa mwanzo kama vingekuwa vizima, lakini kukiwa na uvujaji hakuna cha kushikilia. Vilango vinarudi vinakolala visipovutwa, na watengenezaji wengi walipanga vilalie kwenye kioo, ili vakyumu ikifa dreva bado aone mbele. Vali ipime kwa mdomo: pumzi ipite upande mmoja, ikatae upande wa pili.

Kwa vikopo, tumia pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia vakyumu. Chomoa mrija kwenye kikopo, chomeka pampu, vuta hadi inchi 15 hivi, kisha ngoja dakika moja. Sindano ikishuka, kikopo kimekufa. Huhitaji kufumua chochote kufanya hivyo kwa vikopo vingi, kwa kuwa kwenye swichi ya paneli mirija yote imekusanyika kwenye plagi moja. Pimia hapo, rangi baada ya rangi, na utajua ni kikopo gani kabla hujakifikia.

Uvujaji huu usiudharau kwa sababu ni wa hita. Hewa inayoingia kwenye manifoldi bila kupimwa inaifanya injini ya petroli iyumbe inapotulia. Na kuna magari ambayo vakyumu moja inalisha vitu vingi. Mercedes-Benz W123, iliyoingia sokoni mwaka 1976, ni mfano mzuri. Katika zile za dizeli vakyumu ndiyo inayozima injini, na pale kufuli za milango zilipowekewa vakyumu nazo zinakula kutoka pampu ileile. Uvujaji ndani ya mlango unaweza kukuacha umetoa ufunguo na injini bado inanguruma.

Kuna mlio mwembamba karibu na vitufe, wa kudumu, si wa feni kubwa wala wa vakyumu.

Kama hita yako ni ya kujirekebisha yenyewe joto, tafuta kitundu kidogo chenye nyavu kwenye paneli au karibu na usukani. Nyuma yake kuna kipimajoto cha hewa ya ndani, na kwenye baadhi ya magari kuna feni ndogo sana inayovuta hewa ipite juu yake. Feni hiyo inajaa vumbi na kulia. Weka kipande cha karatasi laini juu ya kitundu, karatasi inapaswa kuvutwa na kunata. Isiponata, kipimajoto kinapima hewa iliyolala ndani ya dashibodi, na hita itakuwa inakupa joto lisilolingana na ulichochagua.

Gari langu ni la kebo. Kishikio kinakwaruza, na wakati mwingine kinapiga "kak!" kikifika mwisho.

Hongera, una mfumo ulio rahisi kuliko yote kutengeneza. Kebo ni waya mgumu ndani ya ganda, kama breki ya baiskeli. Ganda linashikwa na kibanio kila upande. Kibanio kikichomoka, unaposogeza kishikio ganda zima linasogea badala ya waya, linajipinda kisha linafyatuka. "Kak" ndiyo hiyo. Kirudishe kibanio mahali pake, na kabla ya kukikaza hakikisha kishikio kikiwa mwisho wa baridi kilango, au vali inayoruhusu maji moto kuingia kwenye hita, nayo imefunga kabisa.

Mkwaruzo na uzito vinatoka mara nyingi upande wa pili wa kebo. Chomoa waya kwenye vali ya maji ya hita, usogeze mkono wa vali kwa vidole. Ukigoma, tatizo ni vali iliyoshikwa na kutu na magamba ya maji, na kila ukilazimisha kishikio unapinda waya na kung'oa plastiki ya paneli. Vali kuukuu ukiilazimisha inaweza kuanza kuvuja siku hiyohiyo, kwa hiyo usiiguse kama huna nyingine mkononi.

Maji yanabubujika nyuma ya dashibodi nikistati au nikikanyaga mafuta.

Hiyo ni hewa ndani ya rejeta ya hita. Rejeta hiyo mara nyingi iko juu kuliko sehemu nyingi za mzunguko wa maji ya injini, na hewa hupenda kwenda juu. Sababu nyepesi ni kwamba maji yamepungua, au yalibadilishwa bila kutolewa hewa.

Ngoja injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto, kwa sababu maji yaliyo chini ya shinikizo yanalipuka yakichemka mara tu kifuniko kinapolegea, na yanababua uso na mikono. Injini ikiwa baridi, jaza, weka hita kwenye moto kabisa, fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, na uache injini ingurume hadi thamostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) ifunguke, ukiongeza maji kadiri yanavyoshuka.

Bubujiko likirudi baada ya siku chache na maji yamepungua tena, kuna mahali yanakwenda. Gusa zulia chini ya hita. Unyevu wenye harufu tamu na utelezi, pamoja na ukungu wa mafuta kwenye kioo cha mbele, ni rejeta ya hita inayovuja. Unyevu usio na harufu mara nyingi ni maji ya AC ambayo bomba lake la kutolea nje limeziba, na hayo nayo hutoa sauti ya kusukasuka ukikata kona. Zulia likiwa kavu na maji bado yanapotea, mwambie fundi apime kama gesi ya injini inaingia kwenye maji, maana gasketi ya silinda hedi inaanza hivyo.

Mwenye Volkswagen Beetle ya injini ya nyuma asijisumbue na jibu hili. Injini yake inapozwa na hewa na hita yake inachukua joto kwenye mabomba ya moshi. Akisikia maji humo, ni ya mvua.

Tik... tik... tik ya taratibu kutoka chini ya boneti, hita ikiwa imewashwa. Nayo ni meno yaliyovunjika?

Pengine ni kazi ya kawaida. Baadhi ya magari ya Ujerumani ya miaka ya 1980 na 1990, BMW na Mercedes-Benz wakiwemo, yanadhibiti joto kwa vali ya umeme inayofungua na kufunga maji ya hita kwa mapigo. Weka mkono kwenye vali, utasikia mapigo yakibadilika unaposogeza joto. Kuna pia yenye pampu ndogo ya umeme ya kusukuma maji hayo, nayo huvuma polepole.

Nitajuaje kama ni hita au ni AC?

Zima AC usikilize. Lakini kuna mtego hapa: magari mengi yanawasha kompresa ya AC yenyewe ukichagua hewa ya kioo cha mbele, kwa sababu AC inakausha hewa. Mtu anageuza swichi ya hita, anasikia "klak" na mngurumo, anaapa ni hita. Ile "klak" ni klachi ya kompresa ikishika. Ikishika na kuachia baada ya muda fulani, sawa. Ikishika na kuachia kila sekunde chache, mara nyingi gesi imepungua. "Fssss" inayofifia baada ya kuzima gari lenye AC ni gesi ikisawazisha shinikizo, iache.

Mabomba ya gesi usiyafungue mwenyewe. Yana shinikizo, na gesi ikikupata jichoni au kwenye ngozi inagandisha.

Vipande vyeusi vya sponji vinaruka kutoka kwenye matundu ya hewa, na sasa kuna mluzi.

Vilango vya hewa vimebandikwa sponji ili vifunge bila kugonga na bila kupitisha hewa pembeni. Sponji ya miaka 20 au 30 inageuka unga. Ikishaisha, hewa inapenya kwenye pengo na kupiga mluzi, na kilango kinagonga plastiki kwa plastiki. Hakuna dawa ya kupulizia. Ni kufungua boksi na kubandika sponji mpya, na hilo unalifanya siku ambayo boksi limetolewa kwa sababu nyingine.

Ni lazima kufumua dashibodi?

Mara chache. Mota nyingi za vilango, feni, rezista, kebo na swichi ya vakyumu zinafikiwa ukiwa umelala chali na tochi mdomoni. Rejeta ya hita, sponji na baadhi ya vikopo ndivyo vinavyodai kazi kubwa. Isipokuwa watengenezaji wachache walioamua vingine: feni ya Volvo 240 imefukiwa katikati ya boksi la hita, na mafundi wanaoijua huigusa kwa kuwa hawana jinsi.

Gari lenye mifuko ya hewa ya usalama, tenganisha betri na ungoje muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kugusa waya wowote karibu na usukani au mbele ya abiria.

Nimwambie nini fundi?

Usimwambie "hita inapiga kelele", maana atasikiliza dakika mbili, itanyamaza, na atakuambia gari ni zima. Rekodi sauti kwa simu asubuhi, injini ikiwa baridi, huku ukitaja kwa sauti unachofanya: "Feni imezimwa. Nasogeza joto kwenda moto. Hapo." Kisha mpe sentensi moja ya namna hii: "Inatikatika kama sekunde kumi kila nikistati, feni ikiwa imezimwa pia, na ikitikatika upande wa abiria haupati joto." Kwa sentensi hiyo ataanzia kwenye mota ya kilango cha joto cha upande wa abiria. Akishaibadilisha, omba akurudishie ile kuukuu uifungue uone meno.